Kabati la jikoni na ukuta mjamzito

Kabati langu la kwanza la jikoni lilianguka mwezi wa Ramadhani, kati ya futari na tarawehe. Lilianza kwa kulia kidogo, kama mlango unaofunguliwa kwa kuibia, halafu puu! Sahani za bibi, zile za maua ya buluu, zilibaki tatu. Kabati lenyewe lilikuwa na miezi minne tu ukutani.

Nyumba yetu ni ya zamani, iko Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Aliyekaa kwenye nyumba hizi anajua kwamba humo hakuna ukuta ulionyooka. Jiwe moja kubwa, jingine kama ngumi, fundi wa enzi hizo alisawazisha kwa jicho, na kila aliyekuja baadaye akaongeza lipu yake juu ya lipu ya mwenzake. Mimi na kijana niliyemwita tulilifunga kama tulivyozoea kwenye nyumba za tofali: skrubu nne za inchi moja na nusu, zikapita kwenye plaiwudi nyembamba ya mgongoni, basi. Nilipookota vipande nikakuta skrubu mbili za juu zimetoka na fisha zake (vile vijibomba vya plastiki vinavyoshika skrubu tunduni), zimepakwa unga mweupe wa chokaa. Hazikuwahi kugusa jiwe hata siku moja. Zile mbili za chini ziliitoboa plaiwudi zikabaki ukutani.

Safari ya pili nikamwita mzee mmoja seremala anayekaa Magomeni (ya hapa hapa Bagamoyo, si ile ya Dar). Nikamwamkia, akaitikia, akaomba maji, kisha akapitisha kiganja ukutani polepole mwanzo hadi mwisho. "Huu ukuta mjamzito, mwanangu," akasema. "Na wewe ulitaka kumfunga mkanda."

Alichonifundisha siku ile ndicho ninachofanya mpaka leo, na nimeshafunga makabati mawili mengine kwa mkono wangu.

Kwanza unatafuta tumbo liko wapi. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa pale kabati litakapokaa, uache vichwa vyake vitoke ukutani sentimita 3 sawasawa. Funga uzi kutoka msumari hadi msumari, uukaze. Sasa pima kwa futi nafasi iliyo kati ya uzi na ukuta, kila baada ya shibiri moja. Kwangu, pembeni palikuwa na sentimita 3, katikati uzi ulikaribia kugusa: nusu sentimita. Maana yake ukuta umevimba sentimita 2 na nusu katika urefu wa mita 2. Ukikaza kabati kwenye ukuta wa namna hiyo, fremu inapinda na milango haikutani tena.

Halafu usawa. Usipime kutoka sakafuni, sakafu zetu nazo zina mambo yake. Mzee alitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akautia maji. Mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, maji yalipotulia tukaweka alama ya penseli pande zote mbili. Maji hayana upendeleo. Pima maji ya kawaida inafaa pia, lakini kwa ukuta mrefu mimi mpira naupenda zaidi.

Sasa ujanja wenyewe. Kabati halifungwi ukutani, linafungwa kwenye ubao, na ubao ndio unaonyooshwa. Chukua ubao mgumu wa unene wa sentimita 2 na nusu (sisi tulipata kipande cha mninga), uupasue kwa urefu, msumeno ukiulaza mshazari wa nyuzi 45. Unapata mbao mbili zenye ukingo wa kuchongoka. Moja inakwenda ukutani, mchongoko ukitazama juu na nje. Nyingine inafungwa mgongoni mwa kabati, kwenye fremu na si kwenye plaiwudi, mchongoko ukitazama chini. Ukilinyanyua kabati na kulishusha, mbao zinaumana kama vidole vilivyokunjwa, na jinsi mzigo unavyoongezeka ndivyo zinavyozidi kung'ang'aniana.

Ubao wa ukutani utagusa tumbo tu, pembeni utaelea. Hapo zinaingia kabari. Weka kabari mbili zinazotazamana, zisukume mpaka uzi uliokazwa mbele ya ubao useme umenyooka. Na kabari zikae pale pale skrubu inapopita. Mimi niliziweka katikati ya skrubu na skrubu kwa kuona ni nafuu, nikakaza, ubao ukajikunja kufuata ukuta, kazi yote ikarudi mwanzo. Tumia vipande vya mbao ngumu. Maboksi yaliyokunjwa yanakunywa unyevu wa bahari na kulegea.

Urefu wa skrubu ni hesabu, si kubahatisha. Ubao sentimita 2.5, lipu yangu ilikuwa 4, na ndani ya jiwe nilitaka angalau 5. Jumla 11.5 pale ubao unapogusa tumbo (penye kabari ongeza na unene wa kabari), tukanunua fisha ndefu na skrubu zake za sentimita 12, zile zisizoshika kutu, maana kwa upepo huu wa chumvi za kawaida huanza kutoa machozi ya rangi ya chai mapema sana. Kabla ya kutoboa, gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Pakilia kama mtungi mtupu, sogea. Angalia pia swichi na soketi ziko wapi, waya mara nyingi hupanda wima juu yake, na zima umeme kwanza.

Drili itoboe bila kugongagonga. Matumbawe ni laini na chokaa humeguka, ukiwasha mpigo wa nyundo wa drili tundu linakuwa pango. Ukiona unga mweupe tu, bado uko kwenye lipu. Mkono ukishapata ugumu ndipo umefika kwenye jiwe. Vumbi la tundu tulilitoa kwa pampu ya baiskeli ya mtoto, na hapo nilivaa miwani kwa sababu mara ya kwanza lilinirudi lote machoni. Tundu likipanuka, usilazimishe fisha kwa vijiti vya kiberiti kama tulivyofanya na yule kijana. Hama sentimita kadhaa.

Chini ya kabati, nyuma, weka ubao mwingine wa unene ule ule, la sivyo litainamia ukutani. Ning'iniza timazi (uzi wenye kizito nchani) pembeni uangalie. Kabati lisilosimama wima ndilo lile ambalo mlango wake unajifungua wenyewe usiku, na Bagamoyo ikifika hapo watu huanza kutaja majini.

Nafasi iliyobaki kati ya kabati na ukuta ifunike kwa ubao mwembamba. Uusimamishe hapo, buruta kipande kidogo cha mbao chenye penseli juu ya ukuta, mstari utafuata kila kibonge na kila shimo, kisha urande mpaka kwenye mstari. Usijaze simenti. Ukuta wa chokaa unapumua, acha hewa ipite nyuma.

Kabla ya kurudisha vyombo nilipanga madumu sita ya maji ya lita 5, yaani kilo 30, yakalala humo siku tatu. Kila asubuhi nilichungulia kama ubao umeachana na ukuta. Haukuachana. Sahani tatu za bibi ziko rafu ya juu, isipokuwa mlango wa kushoto bado unajifungua kidogo, kwa sababu upande ule niliufunga siku mzee hayupo na timazi nilikuwa nimemwazima jirani.