Jina la wimbo kutangulia sauti kwenye redio ya mtandaoni

Mkuu wa Moshi, umesema redio yenu inarusha MP3 ya kbps 64 (kilobiti kwa sekunde) kwa Icecast, programu ya seva ya kurusha sauti mtandaoni, jina la wimbo linabadilika ukurasani sekunde kama nane kabla wimbo haujasikika, na "Ng'ombe" inatokea "Ng" tu. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Ukurasa wenu unachukua jina kwenye status-json.xsl, ukurasa wa hali ya seva ya Icecast, wakati sauti inakuja kwa njia nyingine. Icecast, isipobadilishwa, humwagia kila msikilizaji mpya hadi baiti 65,535 za akiba ya sauti ili asisubiri. Kbps 64 ni baiti 8,000 kwa sekunde. Gawanya: msikilizaji aliyepo Kiboriloni anasikia ya sekunde nane nyuma, jina analoliona ni la sasa hivi. Usihangaike kulichelewesha jina kwa setTimeout, yaani amri ya JavaScript ya kusubiri muda uliopangwa. Mkipanda hadi kbps 128 pengo linashuka hadi sekunde nne, na mtandao ukikwama kidogo linapanuka tena.

Jina lisafiri ndani ya sauti yenyewe. Kwenye app ya kusikilizia, tuma kichwa cha HTTP (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) Icy-MetaData: 1, seva itajibu icy-metaint, yaani idadi ya baiti za sauti kabla ya kila maandishi ya jina, kwa kawaida 16000. Soma baiti 16,000 za sauti, halafu baiti moja ya urefu. Izidishe kwa 16 upate baiti za maandishi yanayofuata. Ikiwa sifuri, hakuna jipya. Baiti hizo zote, hata ile ya sifuri, ziondolewe kabla sauti haijafika kwenye dekoda (kinachofungua MP3 iwe sauti), la sivyo mtasikia mkwaruzo kila baada ya sekunde mbili. Na jina lisitokee papo hapo linaposomwa: liwekee alama kwenye nafasi yake ya sauti, litokee sauti hiyo inapochezwa, maana app nayo ina akiba yake.

Kwenye kivinjari tagi ya audio haiombi kichwa hicho. Hapo ningehamia HLS, njia ya kurusha inayokata sauti vipande vifupi, jina likae kama ID3 (lebo za maelezo ya wimbo) ndani ya vipande, na maktaba ya JavaScript hls.js inakupa tukio la FRAG_PARSING_METADATA pamoja na muda wake. Mkianza video za ibada, tagi ya HLS EXT-X-DATERANGE, inayobeba tukio na saa yake, inafaa pia, ila inahitaji EXT-X-PROGRAM-DATE-TIME, tagi ya saa halisi ya kipande. Mtangazaji akisema saa mbili usiku, andikeni T20:00:00+03:00. Mkiweka Z badala ya +03:00, kila kitu kinahama saa tatu.

Sasa "Ng". Maandishi huja hivi: StreamTitle='Ng'ombe wa Babu'; na kisomaji chenu kinaishia kwenye alama ya kwanza ya '. Kiambie kitafute '; zikiwa pamoja. Msikwepe kwa kuweka ’ iliyopinda: kwa MP3, Icecast huchukulia maandishi kuwa Latin1 (mfumo wa zamani wa herufi), mtapata â€™. Wekeni <charset>UTF-8</charset> kwenye mount (sehemu ya mkondo wenu katika mipangilio ya Icecast) kwanza.

Kabla ya kugusa msimbo, fungueni mkondo kwa VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Jina likibadilika pamoja na wimbo, seva ni nzima. Shughulikieni ukurasa tu.