Maswali Yenu: Kelele Ipimwe Begani kwa Mfanyakazi

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Muheza. Tulikodi kipima kelele. Kwenye korona (mashine ya kukwangua majani ya mkonge) nilipata desibeli 98, kwenye brashi (mashine ya kusafisha singa) 88, uwanjani kwa waanikaji 75. Nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikapata 87. Bosi anasema tumevuka kikomo cha 85 kidogo tu, tusihangaike. Hesabu yangu iko sawa?

Njema, ndugu. Hesabu haiko sawa, na kosa lenyewe ni kubwa. Desibeli hazijumlishwi kama kilo za singa. Kelele ikipanda desibeli 3, nishati inayoingia sikioni inakuwa maradufu; ikipanda 10, imekuwa mara kumi. Kwa hiyo 98 na 75 ukiziweka kwenye wastani wa kawaida, ile 75 inaificha 98 bila haki yoyote.

Kosa la pili: umepima sehemu tatu, lakini sehemu hazina masikio. Anza na mtu. Tuseme kibarua wako anakaa korona saa 2, brashi saa 4, uwanjani saa 2. Gawa kila kipimo kwa 10, jibu lifanye kipeo cha 10, kisha zidisha kwa saa alizokaa. Korona inatoa bilioni 6.31 mara 2, yaani bilioni 12.6. Brashi ni bilioni 0.63 mara 4, yaani 2.5. Uwanja haufiki hata bilioni 0.1. Jumla ni bilioni 15.2. Gawa kwa saa 8, chukua logi yake ya kizio 10, zidisha kwa 10: desibeli 92.8. Ukilinganisha na kikomo cha 85 kwa saa 8, huyu anabeba kelele mara 6 ya inayoruhusiwa. Mwonyeshe bosi mstari huo.

Tazama pia kelele yake inatoka wapi. Zile saa 2 za korona peke yake ni asilimia 83 ya mzigo wote. Ukimpunguzia korona hadi saa 1 na kumwongezea saa 1 ya brashi, unashuka hadi 90.8 tu. Lakini mkifunga mabati yanayotetemeka, mkabadilisha beringi zilizochoka na kuiziba mashine kwa kizuizi, korona ikashuka hadi 92, mtu yuleyule anashuka hadi 88.6 bila kubadili ratiba. Bado hajafika 85, kwa hiyo vifunika masikio vinabaki, lakini fedha ya kwanza ielekee kwenye mashine.

Mkirudia kipimo, msisome namba inayorukaruka kwenye kioo. Wekeni uzani wa A (mpangilio unaofuata jinsi sikio linavyosikia), msome wastani wa nishati, ule unaoandikwa LAeq. Kila kazi ipimwe mara 3, kila mara dakika 5 au zaidi, maikrofoni ikiwa sentimita 10 hadi 40 kutoka sikio linalopigwa zaidi. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa desibeli 3 au zaidi, ongezeni vingine vitatu au igaweni kazi hiyo vipande vidogo. Mara nyingi tofauti hiyo inatokea kwa sababu korona ilikuwa inazunguka tupu, majani ya mkonge hayajaingia.

Mkandarasi alimvalisha fundi wetu dosimita (kipima kelele cha kuvaa) kutwa nzima, ikaonyesha dozi, yaani kelele ukilinganisha na inayoruhusiwa kwa siku, ya asilimia 114. Kwa hesabu zetu za karatasi tulitegemea karibu asilimia 600. Dosimita ni mbovu? (Afisa usalama, Tanga mjini)

Huenda ni nzima kabisa, imewekwa vibaya tu. Dosimita nyingi zinatoka kiwandani na kanuni ya Marekani: kikomo 90, kila desibeli 5 ndiyo maradufu, na chochote chini ya 80 hakihesabiwi. Mchukue yule kibarua wa Muheza hapo juu. Kwa kanuni hiyo anapata asilimia 114. Kwa kikomo cha 85 na maradufu ya desibeli 3 anapata 600. Siku ni ileile na kelele ni ileile. Mwambieni mkandarasi awaonyeshe ukurasa wa mipangilio kabla ya kuvalisha, na aandike kwenye ripoti: kikomo, kiwango cha maradufu, kizingiti. Ripoti isiyo na hayo matatu irudisheni.

Shikamooni. Mimi niko kitengo cha brashi. Wiki ijayo tutavalishwa vipimo. Navaa hijabu, na kipindi cha chai huwa tunatoka nje. Nifanyeje nisiharibu kipimo?

Marahaba. Maikrofoni ikae juu ya bega la upande wenye kelele zaidi, angalau sentimita 10 kutoka tundu la sikio, imeinuka kama sentimita 4 juu ya bega. Isiwe chini ya hijabu, kanga wala kola ya ovaroli, kwa sababu kitambaa kikiisugua inarekodi msuguano kama kelele. Ibane juu ya hijabu kwa klipu, na waya upite ndani ya nguo usije ukanaswa na mashine. Hilo la waya ni la usalama wako kwanza, kipimo baadaye.

Sponji nyeusi isitolewe. Kusi ikivuma mnapotoka nje, maikrofoni isiyo na sponji itahesabu upepo. Chai ni sehemu ya zamu, nenda nayo. Usiivue na kuiacha mezani jirani na mashine. Ukigonga maikrofoni au mwenzako akaipigia kelele kwa utani, mwambie mpimaji saa ilipotokea, ili akikuta mnara wa ajabu kwenye grafu ajue ni nini.

Nawe una haki ya kumwangalia mpimaji akihakiki kifaa kwa kalibreta (kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana), kwa kawaida desibeli 94 au 114, asubuhi kabla ya kuvaa na jioni baada ya kuvua. Tofauti ya asubuhi na jioni ikizidi desibeli 0.5, kipimo cha siku hiyo kinatupwa. Siku moja pia haitoshi: mtu anayepimwa kwa zamu nzima apimwe siku 3, na majibu yakipishana sana ziongezwe 2.

Programu ya simu inatosha kwa karakana yangu ya useremala pale Makorora?

Kwa kushtuka mapema, inatosha. Kwa ripoti, hapana: maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu, na randa ikianza kulia inaweza kufika ukomo wake. Hata bila simu, ukisimama mkono mmoja kutoka kwa mwenzako na ukalazimika kupaza sauti ndipo akusikie, huenda mko juu ya 85. Hapo ita mpimaji mwenye kifaa kilichohakikiwa, na vijana wavae vifunika masikio tangu leo. Wavae muda wote mashine inapolia. Anayevivua kwa nusu ya muda huo anapata kinga ya desibeli 3 tu, hata kama pakiti imeandikwa 30.