Roboti inarudi chini kwenye mtelemko: kupunguza mwendo na kushikilia ni kazi mbili

Assalaam alaykum Maalim. Umesema roboti ya vijana wako inapitiliza mstari wa kusimamia kama shubiri moja, na ikipandishwa kwenye ubao wa mtelemko inasimama kidogo, kisha inarudi chini taratibu. Umeuliza mbadilishe mota au programu. Nimekaa misimu mitatu na vijana wa skuli moja hapa Pemba na tatizo hilo hilo lilitutesa, kwa hiyo nieleze nilivyoliona.

Kupitiliza mstari ni shida ya kupunguza mwendo. Kurudi chini ni shida ya kushikilia. Sisi tulipoteza mwezi mzima tukiyatibu yote kwa dawa moja.

Fanya jaribio hili na vijana mezani. Chomoa mota kwenye bodi inayoiendesha, zungusha gurudumu kwa mkono. Sasa gusanisha nyaya mbili za mota, zungusha tena. Utalihisi zito, kama mwiko kwenye ugali ulioanza kushika. Mota ikizungushwa inageuka jenereta, na umeme inaouzalisha unaikaba yenyewe. Ukizungusha haraka inakaba sana. Ukizungusha polepole mno, inaachia. Huenda ndiyo maana roboti yenu inateremka taratibu badala ya kuporomoka. Breki ya namna hii inataka mwendo ndipo ifanye kazi.

Kwa mstari, basi, anzeni na programu. Kama mnatumia bodi ya L298N, ile ya kuendeshea mota, kuzima pini ya ENA (inayoruhusu mota kupata umeme) ni kuiachia mota ijiendee. Iacheni ENA juu, yaani imewashwa, kisha IN1 na IN2, pini za kuchagua upande wa kuzunguka, ziwe sawa, zote juu au zote chini, hapo mota inakabwa. Tafadhali msiirudishe nyuma ghafla ikiwa kwenye kasi kamili: umeme unaopita wakati huo unakaribia mara mbili ya ule wa mota iliyoshikwa isizunguke. Tuliunguza bodi mbili hivyo, na nyingine tukaisubiri kwa meli kutoka Unguja.

Halafu angalieni magurudumu. Gurudumu linaweza kusimama na roboti ikaendelea kuteleza, hasa sakafu ya saruji ikiwa na vumbi. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde na msuguano wa 0.6 (kipimo cha jinsi gurudumu linavyoshika sakafu), roboti haiwezi kusimama chini ya sentimita 8 na nusu, hata breki iwe kali vipi. Kwa mita 2 kwa sekunde ni sentimita 34. Uzito haubadilishi hesabu hiyo. Sisi tulikata tyubu ya baiskeli tukaivisha magurudumu kwa gundi, na kabla ya kila mzunguko kijana mmoja aliyafuta kwa kitambaa kibichi.

Sasa mtelemko, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Siku ya mashindano roboti yetu ilifika juu kabisa. Muda ukaisha, umeme ukakatwa, ikashuka mbele ya waamuzi kabla hawajahesabu. Kijana aliyeijenga hakusema neno mpaka tunateremka bandarini Mkoani.

Tulichojifunza kipo kwenye breki ya kuegeshea ya malori ya breki za upepo: springi ndiyo inayobana, upepo ndio unaoachia. Upepo ukiisha, gari linashikwa. Jengeni hivyo hivyo. Springi isukume raba ya breki ya baiskeli kwenye sahani ndogo inayozunguka na mota au gurudumu, na solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayovuta kipini, iivute pale tu roboti inapotembea. Umeme ukikatwa, springi inafanya kazi yake bila kuombwa. Solenoidi itapata moto ikipewa umeme kamili muda wote; ikishavuta, punguzeni, kwani kushikilia kunataka umeme mdogo kuliko kuvuta. Msitumie servo hapa, ile mota ndogo ya gia inayogeuka hadi pembe unayoitaka. Gia zake hukataa kurudi upesi umeme ukikatika, na springi inabaki imezuiwa, breki haibani.

Wapi muiweke? Wengi huiweka kwenye gurudumu. Wekeni kwenye mkia wa mota, yaani ekseli inayotokeza nyuma yake, kabla ya gia. Chukua roboti ya kilo 6 kwenye mtelemko wa nyuzi 15: inavutwa chini kwa nguvu kama ya kilo 1 na nusu. Raba yenye msuguano wa 0.5 ikibana ukingo wa gurudumu inataka msukumo wa kilo 3 hivi. Gia ikiwa 30 kwa 1, gurudumu lina nusu kipenyo cha sentimita 4 na sahani yenu sentimita 2, kwenye mkia wa mota gramu 200 zinatosha. Hiyo ni springi ndogo kabisa. Gawanyeni kwa mota mbili, kushoto na kulia, la sivyo roboti itajipinda upande mmoja.

Kama mna nafasi ya kununua mota mpya, zipo za gia ya skurubu ambazo mara nyingi gurudumu haliwezi kuzirudisha nyuma. Ila ni za polepole, na mtapoteza muda uwanjani.

Nitumie uzito wa roboti, kipenyo cha gurudumu na uwiano wa gia, nikupigie hesabu ya springi.