Vyuma, giza na usingizi uliokatika: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii zimekuja kwa wingi, na karibu zote zinagusa mambo mawili yanayotembea pamoja: muziki wa elektro-indastriali, ule wa mashine na vyuma, na filamu zinazomganda mtu kwenye kiti hata baada ya taa kuwashwa. Navipenda vyote viwili tangu ujana. Nitajibu kama mtu wa ndani ya nyumba.

"Nimejitahidi kusikiliza lakini nasikia kelele tu. Ninyi mnaoupenda mnasikia nini?"

Ndugu yangu, kelele unazisikia kwa sababu zimewekwa zisikike. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilifungua lebo yake, yaani kampuni ya kutoa rekodi, London na kuiita Industrial Records. Kaulimbiu yao ilikuwa muziki wa kiwandani kwa watu wa kiwandani: anayeishi katikati ya mitambo apewe muziki wenye sauti ya mitambo. Mwaka 1980 huko Berlin Magharibi, Einstürzende Neubauten wakapanda jukwaani na mabati, vipande vya chuma na keekee za umeme. Wenzao wa miaka iliyofuata, Front 242 wa Ubelgiji na Skinny Puppy wa Vancouver, Canada, waliichukua ile fujo wakaifunga kwenye mdundo wa mashine unaochezeka. Hapo ndipo elektro-indastriali ilipozaliwa.

Sasa jaribu hivi. Vaa hedfoni, zima taa, chagua wimbo mmoja tu na uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Utaikuta inarudiarudia noti tatu au nne bila kuchoka, kama cherehani. Mara ya pili fuata vitu vidogo: mvuke unaofyonzwa, mnyororo unaoburutwa, pumzi. Usiiwinde sauti ya mwimbaji, maana wameikwaruza makusudi mpaka maneno yamemeguka. Mara ya tatu sikiliza nyuma kabisa. Mara nyingi kuna kinanda kule, kinapiga kitu cha huzuni polepole, kama mtu anayelia chumba cha pili huku mlango umefungwa. Mimi siku niliposikia kile kinanda kwa mara ya kwanza niliurudisha wimbo mwanzo, na kelele zote za mbele zikapata maana. Zilikuwa zinamficha mtu mwenye uchungu.

Ukifika hapo na bado hupendi, basi hupendi, wala hakuna ubaya.

"Kwa nini katikati ya nyimbo hizi kuna watu wanaongea kama kwenye filamu?"

Ni filamu kweli. Katika miaka ya 1980 kilikuja chombo kiitwacho sampla, kinachonasa sauti yoyote na kuiweka kwenye vibonye vya kinanda. Za mwanzo bei yake haikamatiki, lakini katikati ya muongo ule zikatoka za bei nafuu, kama Ensoniq Mirage iliyouzwa chini ya dola 2,000 za Marekani. Kumbukumbu yake ilikuwa finyu, inabeba sekunde chache tu. Naamini ufinyu huo ndio ulioujenga mtindo wenyewe: ukiwa na nafasi ya sentensi moja kutoka kwenye filamu nzima, utaitafuta ile inayouma kuliko zote, kisha utairudia mpaka imwingie msikilizaji mfupani.

Mfano ninaoupenda ni "Testure" wa Skinny Puppy, kutoka albamu yao ya mwaka 1988. Sauti zilizomo zimetolewa kwenye The Plague Dogs, filamu ya katuni ya mwaka 1982 inayosimulia mbwa waliotoroka maabara. Wimbo wenyewe unapinga majaribio yanayofanywa kwa wanyama hai. Kwa hiyo sauti ile imeingia na hoja yake. Aliyeiona filamu anaposikia neno moja tu, anawaona wale mbwa.

Na barabara hii kati ya muziki na filamu inapitika kwa pande zote mbili. Mtu wa kumtazama ni Peter Christopherson, mmoja wa Throbbing Gristle. Baadaye alikuwa kwenye kundi la Coil pamoja na John Balance. Muongozaji Clive Barker aliwataka Coil wamtungie muziki wa filamu yake ya kutisha, Hellraiser, ya mwaka 1987. Haikuwa, kazi ikapewa Christopher Young, nao Coil wakazitoa tungo zao peke yake. Lakini mwaka 1995 filamu ya Se7en ilipofunguka, kwenye ile mikono inayokata karatasi na kushona daftari, muziki uliokuwa ukikwaruza chini yake ni rimiksi, yaani wimbo uliosukwa upya, ya "Closer" ya kundi la Nine Inch Nails, na Coil ndio walioishughulikia. Dakika mbili hivi za majina ya wasanii, na watu walianza kuogopa kabla hadithi haijaanza. Trent Reznor wa Nine Inch Nails naye akaja kuchukua Oscar mwaka 2011, yeye na Atticus Ross, kwa muziki wa filamu ya The Social Network. Waliokuwa wakiitwa wapiga makelele sasa wanaitwa kutunga muziki wa filamu za kila namna.

"Mwanangu wa miaka kumi na sita anavaa nyeusi, anasikiliza mambo haya usiku kucha na kutazama filamu za kutisha. Je, nimpeleke kuombewa au kwa daktari?"

Mama yangu, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa mzazi na sitaubeza.

Nguo nyeusi na muziki mzito peke yake havinitishi. Vijana wengi niliowafahamu kwenye mambo haya ni wapole, na wengine waliingia kwa sababu ndani yao kulikuwa na msiba ambao muziki wa furaha ulikuwa unauzomea. Kitazame kilichobadilika. Anakula? Analala? Ana rafiki hata mmoja anayecheka naye? Masomo yameporomoka ghafla? Anazungumza habari ya kufa, au ana alama mwilini anazozificha? Ukiona hayo, mtafute daktari au mshauri bila kungoja, na ufanye hivyo hata angekuwa anasikiliza nyimbo za harusi.

Kama hayo hayapo, fanya jambo moja: mwombe akuchagulie wimbo mmoja, kaa kitandani kwake, usikilize mpaka mwisho bila kuguna. Kisha muulize kwa nini huo. Jibu lake litakupa mengi ambayo upekuzi wa chumba hautakupa.

Upande wa filamu, kuwa mkali kidogo. Nyingi kati ya hizi zimepewa alama ya miaka 18 na aliyeiweka ana sababu. Na video za mtandaoni za watu halisi wakiuawa au kuteswa ni jambo jingine kabisa. Hizo mkatalie moja kwa moja, na mweleze kwa nini. Yule aliyemo ndani hakukubali kutazamwa.

"Kuna filamu ambazo watu waliuawa kweli?"

Swali hili limekuja mara nne, nami nalichukulia kwa uzito.

Inayotajwa sana ni Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980. Ilipotoka Italia mamlaka waliikamata, na muongozaji akatuhumiwa kwamba waigizaji wake wameuawa mbele ya kamera. Ilibidi awalete wakiwa hai. Mwanamke anayeonekana humo amechomwa mti mwilini alikuwa amekaa kwenye kiti cha baiskeli kilichofungwa juu ya nguzo, na mdomoni ameshika kipande cha mti mwepesi. Basi watu hawakuuawa. Wanyama waliuawa. Kobe na kima wanaoonekana humo walikufa kwa ajili ya kamera, na Deodato mwenyewe alikuja kujutia. Mimi sehemu hizo siziangalii na simshauri mtu aziangalie. Sanaa inayotisha inasimama juu ya ahadi kwamba hakuna aliyeumizwa, na pale ahadi imevunjwa.

Linganisha na Skinny Puppy. Mwaka 1988, ule ule wa albamu yenye "Testure", walikuwa wakimpasua mbwa wa bandia jukwaani ili watu waone kinachofanyika maabara. Huko Cincinnati, Marekani, mtu mmoja aliamini mbwa ni wa kweli, polisi wakaitwa, na wasanii wakalala mikononi mwa sheria. Mbwa wa kitambaa aliwapandisha watu hasira kuliko mbwa hai waliokuwa wakipasuliwa siku ile ile bila mtu kuita polisi. Nikiulizwa maana ya muziki huu, hadithi hiyo ndiyo huwa naisimulia.

Na kuna ya pili. Mwaka 2014 kundi hilo hilo lilisema limepata habari kwamba nyimbo zao zilitumika kuwatesa wafungwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani huko Cuba, likaiandikia serikali ya Marekani ankara ya dola 666,000. Watu waliotunga muziki dhidi ya mateso waliukuta umegeuzwa chombo cha mateso. Kila nikilifikiria jambo hilo nakosa raha, maana muziki huu una nguvu ya kuumiza kweli akifungiwa nao mtu asiyeweza kuuzima.

"Nataka kuanza kutazama. Nianze na ipi?"

Eraserhead ya David Lynch, 1977. Haina damu nyingi, ila ina mngurumo wa mitambo usiokatika kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambao Lynch na fundi wake wa sauti Alan Splet waliutengeneza kwa mikono yao. Ikikukaa, nenda Tetsuo: The Iron Man ya Shinya Tsukamoto, 1989: dakika 67 za nyeusi na nyeupe, mtu anageuka chuma, na muziki wa Chu Ishikawa unagonga kama karakana. Irréversible ya mwaka 2002 iache kwanza. Ina tukio la ubakaji lisilokatwa, na nusu saa yake ya mwanzo imewekewa mngurumo wa chini ya mitetemo 30 kwa sekunde, ambao sikio haliutambui sawasawa lakini tumbo linautambua.

"Nilitazama filamu moja wiki iliyopita na sasa silali. Nifanyeje?"

Pole sana. Rudi kwenye lile tukio mchana, ulitazame sauti ikiwa imezimwa. Utaona rangi, mpira na mtu anayeigiza. Sehemu kubwa ya hofu iliingilia masikioni. Likiendelea wiki mbili tatu, zungumza na mshauri, na uziache filamu hizi kwa sasa.

"Natengeneza muziki nyumbani kwa kompyuta. Nitapataje sauti chafu ya kiwandani bila vyombo ghali?"

Hili nimelingoja!

Chukua sufuria kubwa, iweke juu ya taulo, igonge kwa kijiko cha mti huku simu ikirekodi karibu. Gonga ukingo, gonga kitako, buruta kijiko ndani. Ziingize sauti hizo kwenye kompyuta na uzipunguze kasi kwa nusu. Zitashuka oktavu nzima, yaani kutoka noti hadi noti ya jina lilelile iliyo chini yake, na kurefuka mara mbili, na sufuria itageuka lango la ghala. Punguza nusu tena na utapata kengele ya chini ya bahari. Kisha izidishe nguvu mpaka ikwaruze, lakini kwanza tenga nakala safi. Kosa la wanaoanza ni kukwaruza kila kitu, na kila kitu kikiwa kichafu uchafu hausikiki tena. Acha ngoma ya chini iwe safi na kavu. Sauti yako ipitishe kwenye spika ndogo mbovu, kisha uirekodi upya kutoka kwenye hiyo spika.

Halafu weka kile kinanda cha nyuma. Noti nne tu, taratibu, chini ya kelele zote. Ukimaliza nitumie, nitausikiliza na taa zimezimwa.