Siki Haiyeyushi Fuwele za Paka

SWALI: Shikamoo daktari. Nina paka dume wa miaka minne, amehasiwa, ana kilo tano na nusu. Wiki mbili zilizopita alikuwa anaingia na kutoka kwenye boksi la mchanga, anatoa matone tu, tena yenye damu. Alipopimwa alikutwa na fuwele kwenye mkojo. Akapewa antibayotiki na sasa amepata nafuu. Chakula chake ni kile kikavu cha punje, kingine hataki. Nimeshauriwa nitafute chakula chenye magnesiamu kidogo. Mwingine kaniambia nitie kijiko cha siki ya tufaha kwenye maji yake, au nimpe vidonge vya vitamini C, ili mkojo uwe na tindikali na fuwele ziyeyuke. Kuna pia unga wa mitishamba wa kusafisha kibofu. Nichague kipi?

JIBU: Marahaba. Kabla hujachagua chochote, hizo fuwele ni za nini? Umenitajia umri wa paka, uzito wake, hata aina ya siki, ila jina la fuwele halimo. Sikulaumu. Wengi wanaoniuliza huwa wameambiwa "ana fuwele" basi, kana kwamba fuwele ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Rudi ulikopimia uombe karatasi ya majibu. Mara nyingi itakuwa imeandikwa struvaiti au kalsiamu oksaleti, na majina hayo mawili yanakupeleka njia mbili tofauti kabisa.

Struvaiti ni muungano wa magnesiamu, amonia na fosfati. Inajijenga kwenye mkojo mzito uliopungukiwa tindikali. Paka akila chakula maalumu cha matibabu kinachoshusha pH ya mkojo (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imezidi) hadi kwenye 6.0 au 6.4 hivi, na akakojoa mkojo mwepesi, struvaiti inayeyuka. Hata ikiwa imeshakuwa jiwe, mara nyingi litaisha ndani ya wiki mbili hadi tano bila kisu. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki. Hakuna chakula, kidonge wala unga unaoiyeyusha. Jiwe lake likishakuwapo kibofuni linatolewa, na kazi ya chakula ni kuzuia lingine lisijengeke. Tena hii haisumbuliwi na tindikali. Mkojo ukizidi kuwa mkali ndio inastawi.

Sasa tuje kwenye siki, maana imenichosha. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniuliza habari ya siki. Najua picha iliyo kichwani: siki inang'oa magamba meupe ndani ya birika, basi itang'oa na mawe ya kibofu. Kwenye birika ni kweli. Lakini siki anayoinywa paka haishuki moja kwa moja hadi kibofuni. Mwili unaichoma kama unavyochoma chakula kingine, na mkojo haupati ile tindikali uliyoikusudia. Inachofanya ni kuyatia maji harufu. Paka ananusa bakuli, anarudisha masikio nyuma, anaondoka. Siku hiyo anakunywa kidogo kuliko jana, mkojo unakuwa mzito zaidi, na mkojo mzito ndiyo shamba la fuwele za kila aina. Ndimu ni hadithi ileile.

Vitamini C ni mbaya zaidi, kwa sababu huo mzigo unafika. Paka, tofauti na sisi, anajitengenezea vitamini C kwenye ini lake. Ukimwongezea, ile ya ziada inavunjwavunjwa na sehemu yake inageuka oksaleti. Yaani unamletea malighafi ya lile jiwe lisiloyeyuka. Na wapo wanaompa paka chakula cha matibabu ambacho tayari kinashusha pH, halafu wanarundika juu yake vidonge vingine vya kuongeza tindikali. Paka huyo tindikali inazidi hadi kwenye damu, anakosa hamu ya kula, na kalsiamu inaanza kutoka mifupani kuelekea kwenye mkojo. Umeondoa struvaiti, umekaribisha oksaleti.

Jambo hili liliwahi kutokea kwa kiwango kikubwa. Katika miaka ya 1980 magnesiamu ndiyo ilikuwa mshtakiwa, na watengenezaji wakaipunguza kwenye vyakula vya paka na kuvifanya vishushe pH. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kina kituo kinachochunguza mawe ya wanyama tangu 1981. Mwanzoni mawe mengi mno ya paka yaliyofika pale yalikuwa struvaiti. Kisha struvaiti ikashuka, oksaleti ikapanda, na katika miaka ya 1990 ikaipita. Kwa hiyo anayekushauri "magnesiamu kidogo" bila kukuuliza aina ya fuwele anakupa jibu la miaka arobaini iliyopita, tena nusu yake.

Kitu ambacho hakuna anayeniuliza ni maji. Paka wetu ana damu ya paka pori wa nchi kame: kiu yake ni ndogo, na figo zake zinaweza kuukamua mkojo hadi ukawa mzito ajabu. Chukua paka wa ukubwa wa huyo wako. Akila gramu 70 za punje kavu kwa siku, amepata humo maji ya kujaza kijiko kimoja cha chai. Akila gramu 300 za chakula laini cha kopo, ambazo nguvu yake ni karibu sawa na ile ya punje, amepata maji ya kukaribia kujaza kikombe. Ni kweli paka wa punje atakunywa zaidi kwenye bakuli, lakini kwa kawaida hafidii tofauti yote. Mimi napenda kuona kipimo cha uzito wa mkojo kikiwa chini ya 1.030, paka wa punje tupu naowapima, wengi wanapita 1.050. Usipoweza kubadilisha kitu kingine chochote nyumbani mwako, badilisha hicho.

Kwa hiyo: ikiwa ni struvaiti, chakula cha matibabu cha kuyeyusha struvaiti, cha laini, na hicho peke yake. Nasema peke yake. Kipande cha samaki jioni na vibanzi viwili vya kumfurahisha vinatosha kuvuruga pH ya siku nzima, halafu mtu anarudi kwangu baada ya mwezi akisema chakula hakikufanya kazi. Ikiwa ni oksaleti, chakula kisichoongeza tindikali, na maji mengi. Kama hujapigiwa eksirei au altrasaundi, piga, kwa sababu fuwele zinaonekana kwa hadubini lakini jiwe halionekani kwa hadubini.

Kuhusu kukataa chakula laini: usimshindishe njaa ukidhani atasalimu amri. Paka mnene, na wako amekaribia huko, asipokula siku mbili tatu ini lake linaanza kujaa mafuta, na hilo linaweza kumuua kabla ya fuwele. Mchanganyie kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Mpashie kiwe vuguvugu. Mpe milo midogo midogo badala ya mmoja mkubwa, kwa kuwa baada ya mlo mkubwa pH ya mkojo hupanda. Akigoma kabisa, kipo cha punje cha matibabu, ambacho baadhi yake huongezwa chumvi ili anywe maji. Hicho hakimfai mwenye ugonjwa wa figo au moyo, kwa hiyo apimwe damu kwanza. Mwekee maji mahali pawili au zaidi, kwenye bakuli pana, mbali na boksi la mchanga.

Sasa nikuudhi kidogo. Huenda fuwele hazikuwa tatizo lake kabisa. Mkojo wa paka ukikaa saa kadhaa, hasa kwenye friji, fuwele zinajitengeneza humo humo kwenye kichupa. Ndiyo maana unatakiwa kupimwa ukiwa mbichi, ndani ya nusu saa au saa moja. Uliza ulikaa muda gani. Na paka wengi wazima wana fuwele chache na hawaumwi chochote. Kwa paka wa chini ya miaka kumi wenye dalili kama za wako, zaidi ya nusu hawana jiwe wala bakteria. Ni kibofu kilichovimba chenyewe, na mfadhaiko una mkono mkubwa: paka mpya nyumbani, kuhama, boksi chafu. Hali hiyo mara nyingi hutulia yenyewe ndani ya wiki moja, umpe dawa usimpe. Antibiotiki uliyompa imejichukulia sifa za siku saba.

Na hapo ndipo wauza unga wa mitishamba wanapojipatia mkate wao. Ukimuuzia mtu unga leo kwa ugonjwa unaoisha wenyewe baada ya siku sita, siku ya saba atakushukuru na kukuletea wateja watatu. Kila ushuhuda wake ni wa kweli, na unga haukufanya kitu. Sijali sana hasara ya pesa. Ninachojali ni kwamba katika kila kundi la paka wanaochuchumaa bila kukojoa, wamo madume ambao njia ya mkojo imeziba. Dalili za mwanzo ni zilezile. Njia ya dume ni nyembamba, ute kidogo uliochanganyika na fuwele unatosha kuiziba, na mwenye paka yuko nyumbani anasubiri unga ufanye kazi. Mitishamba mingi ya aina hiyo ni ya kukojoza. Fikiria unaongeza maji kwenye pipa ambalo bomba lake limezibwa.

Mmoja aliletwa kwangu siku ya tatu, kidevu kikiwa bado na unga wa kijani uliokaukia kwenye manyoya. Alikuwa amelazwa kwenye beseni, baridi, hana nguvu ya kulia. Kibofu nilikishika kupitia tumbo, kigumu kama chungwa bichi. Moyo wa paka aliyetishika kwenye meza ya daktari huenda mara 180, 200 kwa dakika. Wake ulikuwa 80, kwa sababu potasiamu iliyopaswa kutoka na mkojo ilikuwa imerudi kwenye damu na kuupooza moyo. Huyo alipona, baada ya mpira wa mkojo na dripu za siku tatu. Wengine wawili nawakumbuka hawakupona, na mmoja wao alikuwa amepewa pia nusu kidonge cha paracetamol ya watu kwa ajili ya maumivu, dawa ambayo kwa paka ni sumu.

Wa kwako ni dume, amehasiwa, ana uzito wa ziada, anakula punje tupu, na ameshaugua mara moja. Kila asubuhi gusa mchanga kwenye boksi na uhesabu mabonge yenye unyevu. Zoea idadi yake ya kawaida. Siku utakayomwona anaingia na kutoka, anajilamba chini, anatapika, na mchanga ni mkavu, usimnyweshe maji kwa bomba la sindano, usimbonyeze tumbo, usisubiri kupambazuke. Mbebe usiku huohuo. Na ile karatasi ya majibu ukiipata, niandikie jina lililomo pamoja na kipimo cha pH na cha uzito wa mkojo, ndipo tuzungumze ni chakula kipi.