Insha zilizofupika: barua kwa mwanangu aliyeko Malindi

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeletewa na kakako, aliyeipokea kwa dereva wa basi pale Mokowe, na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Umeniuliza kama ni halali mwalimu mwanagenzi, aliye mazoezini kwa muhula mmoja tu, kuwagawa watoto wa gredi ya nne mafungu mawili, fungu moja alifundishe kusoma kwa mbinu anayoitafiti na la pili aliache liendelee kama kawaida, ili mwishoni alinganishe alama. Unasema mhadhiri wako anataka fungu la kulinganishia, na moyo wako unasita kwa kuwa watoto wote ni wako.

Nitakuja kwenye hilo. Lakini niliposoma ukurasa wako wa pili, ule wenye jedwali, kilichonishughulisha si mafungu bali ni safu ya mwisho, uliyoiandika "maendeleo". Utahesabu nini humo? Unajua neno langu, na kakako hunimalizia kila ninapolianza: mtoto akijua anahesabiwa, hukupa kile unachokihesabu. Mmelisikia tangu mkiwa wadogo, ila sijapata kuwaeleza nililipatia wapi.

Mwaka 1986 nilikuwa mazoezini katika shule moja ya kisiwani humu, ambayo sitaitaja kwa sababu walimu wake hawakunikosea lolote. Nilipewa darasa la nne, watoto 31. Msimamizi wetu alimtaka kila mwanagenzi afanye uchunguzi mdogo darasani mwake na kuuandikia ripoti, nami nikachagua makosa ya Kiswahili katika insha. Mpango wangu ulikuwa insha moja kila juma kwa majuma sita, niyahesabu makosa, niyazungushie duara kwa wino mwekundu, niyaeleze ubaoni, kisha nihesabu tena juma linalofuata. Nilijiona mtaalamu kamili, na rula yangu mpya nilikuwa siiachi hata nikienda kuteka maji.

Insha ya kwanza ilihusu safari ya kwenda Shela. Mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alijaza kurasa mbili kwa mwandiko wa kubanana, akisimulia punda aliyezama katika tope la pwani na shehena yake ya mawe, na mzee aliyemfungua shehena ile jiwe moja baada ya jingine huku maji yakipanda. Nakumbuka sentensi yake neno kwa neno: "Nilipokuwa ndiani mato yangu yakaona punda mmoya amekwama topeni na mai yanayaa." Nilitia duara tano katika sentensi hiyo moja. Ndiani, mato, mmoya, mai, yanayaa. Kando yake nikaandika kwa wino uleule kwamba huo ni uzembe wa tahajia. Juu ya punda, na juu ya yule mzee, sikuandika neno lolote.

Sasa fikiri, mwanangu, nani aliyekuwa akiandika "uzembe". Ni mimi, ambaye jioni yake nilirudi nyumbani nikamwambia bibi yako kwamba mato yananiuma kwa kusahihisha.

Makosa yalipungua kila juma. Nilichora mstari kwa penseli, ukateremka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia, na msimamizi akaisifu ripoti yangu mbele ya wenzangu, akasema hivyo ndivyo mwalimu anavyopaswa kuonyesha matokeo. Nilinunua halua. Bibi yako alikuwa ameketi dakani akidarizi kofia, nikamsomea ripoti yote tangu utangulizi, naye akanisikiliza bila kuinua uso mpaka nilipofika kwenye orodha ya maneno yaliyokosewa. Hapo akatua sindano. Wewe ulimdiriki, unajua utendi wa Mwana Kupona aliuhifadhi wote kichwani, ule ambao mama yule alimwandikia bintiye mwaka 1858 kwa Kiamu hikihiki, lahaja yetu ya Lamu. Akanisomea beti chache kwa taratibu, kisha akasema, "Basi na Mwana Kupona mtie wino mwekundu." Akaendelea na kofia yake.

Nilikasirika. Nilimjibu kwamba mtihani hautungwi na Mwana Kupona, na mpaka leo sina hakika kuwa jibu langu lilikuwa la upuuzi. Tangu mwaka 1928, kikao cha Mombasa kilipoamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mtoto wa Amu amelazimika kujifunza "njia" na "macho" juu ya maneno aliyozaliwa nayo, na mwalimu asiyemfundisha hayo anampeleka mtihanini mikono mitupu. Kwa hiyo kumsahihisha kulikuwa haki yake. Hilo nalishikilia. Lakini kumsahihisha ni kumwambia, "Hivi ndivyo tunavyosema nyumbani, na hivi ndivyo tunavyoandika shuleni," nami sikumwambia hivyo. Nilimwambia ni mzembe, kwa kuwa safu yangu ilikuwa na nafasi ya neno moja.

Wala hilo silo linaloniuma zaidi. Bibi yako alipofariki, wewe ukiwa darasa la tatu, tulifungua sanduku lake la mvule, na chini ya kanga zake nikazikuta insha zile zote zimefungwa kwa kitambaa. Kwa nini alizihifadhi sikuwahi kumuuliza. Usiku ule baada ya wageni kuondoka nilizipanga sakafuni juma kwa juma, nikamtafuta mtoto wa punda. Insha yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Ya pili ukurasa na robo. Ya nne nusu ukurasa. Ya sita ilikuwa hii, yote: "Jana nilikwenda dukani. Nilinunua sukari. Nilirudi nyumbani. Mama alifurahi." Haina duara hata moja. Nikaziangalia za wenzake, na karibu zote zilikuwa zimekwenda njia hiyohiyo. Makosa yalipungua kwa sababu maneno yalipungua. Watoto walijua ninahesabu nini, wakanipa. Mimi nilihesabu duara bila kuhesabu maneno, na mstari wangu mzuri wa penseli ulikuwa ukionyesha darasa linalonyamaza.

Yule mvulana sasa ni mtu mzima, ana mashua yake. Tukikutana gatini hunibusu mkono, huniita mwalimu, na akiwa na fomu ya kujaza hunipa niijaze. "Mwalimu, mimi na kalamu hatuelewani," husema huku akicheka. Pengine hata bila mimi asingependa kuandika. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na huenda ni kweli, kisha namkumbuka yule mzee akifungua mawe.

Nirudi kwako. Wasiwasi wako juu ya fungu la pili nauelewa, ila mimi ningeogopa kwanza macho yako mwenyewe. Chuoni tulisomeshwa habari za Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, ambao mwaka 1968 walichapisha uchunguzi wao wa shule moja ya California. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani karibu watachanua kiakili, ilhali majina yale yaliteuliwa kwa kubahatisha tu, na mwisho wa mwaka baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini, walionekana wamepanda kuliko wenzao. Wataalamu wengine waliupinga sana uchunguzi ule kwa namna vipimo vyake vilivyofanywa, kwa hiyo usiunukuu kama aya. Hata hivyo jiulize: wewe utajua fungu lipi ndilo lenye mbinu yako, na shahada yako inalitegemea fungu hilo. Sauti yako itakuwa ileile ukiingia kwa wale wengine? Utasubiri jibu la mtoto kwa muda uleule?

Halafu kuna jambo la jina. Umeandika kwamba kazi yako ni utafiti tendaji. Kurt Lewin, aliyeandika juu ya utafiti wa aina hiyo mwaka 1946, aliueleza kama ngazi ya kuzunguka: unapanga, unatenda, unatazama kilichotokea, unapanga upya. Mwalimu anaiangalia kazi yake mwenyewe ili airekebishe, na hapo sioni fungu la kuachwa nyuma linatoka wapi. Kama mhadhiri wako anataka jaribio, basi aliite jaribio na akupe muda wa jaribio. Kama ni utafiti tendaji, darasa zima ni lako. Lakini huenda yeye ana sababu ambayo hukuniandikia, nami sipendi kumhukumu mtu kwa barua. Wapo wanaobadilishana mafungu katikati ya muhula, waliosubiri wakapata zamu yao. Hilo lingenituliza. Sisemi ufanye hivyo. Alama ni zako na mhadhiri ni wako. Ila kama ungekuwa hapa dakani ungeniona usoni.

Ruhusa usizifanyie mzaha. Muulize mwalimu mkuu kama barua ya chuo inatosha, au itakubidi upite ofisi ya elimu ya kaunti na NACOSTI, tume ya utafiti iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Wazazi nao waelezwe kwa lugha wanayoielewa, na kwa wengi wa darasa lako hiyo ni Kigiriama, kwa hiyo tafuta wa kukusaidia. Karatasi yenye sahihi ya kidole haimaanishi kwamba mzazi ameelewa. Tena angalia kalenda yako. Ukipima mara ya kwanza kabla ya Ramadhani na mara ya pili mwezi umeingia, utakuwa umepima njaa na usingizi wa waliofunga, kisha uandike kwamba ni mbinu.

Na katika safu ile ya "maendeleo", mbali na maneno anayoyasoma mtoto kwa dakika moja, tafuta pa kuandika kama anachukua kitabu bila kuambiwa, na kama husoma kwa sauti au hunong'ona ukimkaribia. Yule wangu alikuwa ameanza kuificha insha yake kwa mkono kuanzia juma la tatu. Nilimwona, nikadhani anawazuia wenzake wasinakili.

Insha zile nimezifunga kwa uzi na kakako atazipeleka Mokowe Ijumaa. Majina nimeyakata kwa mkasi, maana najua mtanikumbusha ile sheria ya kulinda data ya mwaka 2019. Zihesabu upya, lakini uhesabu maneno, juma la kwanza mpaka la sita, mtoto kwa mtoto. Mimi nilifika mtoto wa kumi na mbili nikaacha.

Mamako