Usipake gundi kwenye vinia ambayo hujaipima kwa mizani

Mkuu, simama hapo hapo, usifungue hilo pipa la gundi kesho. Umesema una vinia (karatasi nyembamba za mti zinazomenywa kutoka kwenye gogo) za mkaratusi za milimita 2, umezianika juani mpaka zikaanza kulia ukizigonganisha, na sasa unataka kubandika plaiwudi ya tabaka tano kwa gundi ya fenoli fomaldehidi kwenye presi (mashine ya kubana kwa joto) ya nyuzijoto 140. Umeuliza madaraja ya ubora wa plaiwudi, muda wa presi, upande gani wa vinia ukae nje, na namna ya kupunguza tofauti za unene wakati wa kumenya gogo. Unyevu hukuuliza, kwa sababu aliyekuuzia gundi amekuambia vinia inayolia imekauka, na kwamba ukiona malengelenge kwenye ubao uongeze gundi. Ushauri huo ndio utakaokumalizia mtaji, na hiyo sehemu ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Vinia yenye unyevu wa asilimia 13 (uzito wa maji ukilinganishwa na wa mti mkavu) inalia sawasawa na yenye asilimia 5. Sikio halitofautishi. Mti hufuata hewa iliyouzunguka: kwenye nyuzijoto 20, hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 65 huufikisha mti kwenye asilimia 12 hivi na kuuacha hapo. Hewa ikiwa na asilimia 80, mti husimama karibu na 16. Anika mwezi mzima, hautashuka zaidi. Gundi ya fenoli inayokomazwa kwa joto inataka vinia isizidi asilimia 8, na pazuri ni kati ya 4 na 6. Kuanika peke yake hakukufikishi huko.

Fanya hesabu kabla hujafanya kazi. Chukua mti ambao mita moja ya ujazo ikikauka kabisa ina kilo 600. Mita moja ya mraba ya vinia ya milimita 2 ina kilo 1.2 za mti mkavu, kwa hiyo tabaka tano ni kilo 6. Mistari ya gundi, yaani tabaka za gundi kati ya vinia na vinia, ni minne. Ukipaka gramu 180 kwa kila mstari, na nusu ya gundi hiyo ikiwa maji, umeingiza gramu 360 za maji, sawa na asilimia 6 ya uzito wa mti. Vinia zikiwa na asilimia 5, ubao unaingia kwenye presi na asilimia 11, na hizo presi inazimudu. Vinia zako zikiwa na asilimia 14, ubao unaingia na asilimia 20: kilo 1.2 ya maji kwenye kila mita ya mraba, karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Na vinia ikiwa nyembamba zaidi mambo huwa mabaya zaidi, kwa sababu gundi ni ileile lakini mti wa kuyapokea maji yake umepungua.

Sasa maji hayo yanakwenda wapi? Gramu moja ikigeuka mvuke kwenye nyuzijoto 100 inachukua karibu lita 1.7. Pembeni mwa ubao mvuke unapata njia na kutoka. Katikati hauna pa kwenda. Kwenye nyuzijoto 140 mvuke ulionaswa unaweza kusukuma kwa karibu megapaskali 0.26 (kipimo cha kanieneo, yaani nguvu ya msukumo) juu ya kanieneo ya hewa. Presi ikiwa imefungwa kwa megapaskali 1.2 huoni kitu. Unaona siku njema kabisa. Ukiifungua tu, kinachozuia mvuke ni gundi peke yake, na gundi ya mstari wa katikati ndiyo iliyopata joto mwisho na ambayo bado haijakomaa. Unasikia mlio, ubao unavimba katikati, tabaka zinaachana. Huo haurekebishiki. Huwezi kuchoma sindano ukapuliza gundi ukaubana tena ukapata plaiwudi ya kuuza. Ni kuni, pamoja na vinia tano nzuri na gundi yote iliyomo.

Hapo ndipo unapoambiwa uongeze gundi. Weka gramu 250 badala ya 180 kwenye vinia zilezile za asilimia 14: maji yanapanda kutoka kilo 1.2 hadi kilo 1.34 kwa mita ya mraba. Umeongeza kilekile kinachopasua ubao! Zaidi ya hapo, vinia yenye maji huilegeza gundi, ikazama ndani ya mti kupita kiasi na kuuacha mstari wenyewe ukiwa na njaa. Inanikera mtu kutoa ushauri huu kwa kujiamini wakati kila kilo unayoongeza anakuuzia yeye, na ubao unaopasuka si wake.

Kanuni ni moja: hakuna gundi kabla ya mizani. Kipima unyevu cha sindano kina kazi yake kwenye mbao nene, lakini chini ya asilimia 6 au 7 hakiaminiki, na hapo ndipo unapopahitaji. Ukikichomeka kwenye vinia iliyo moto kinasoma juu kuliko hali halisi. Tumia oveni. Kata vipande vya sentimita 10 kwa 10 kutoka vinia kadhaa, vingine katikati na vingine kwenye ncha, kisha vipime papo hapo kabla hewa haijavibadilisha. Viweke kwenye nyuzijoto 103 mpaka uzito uache kushuka. Uzito wa kwanza toa uzito mkavu, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 12.60 zikishuka hadi 12.00, una asilimia 5. Mizani isome gramu 0.01. Kipande kama hicho kina gramu 12 tu, kwa hiyo mizani inayosoma gramu nzima inaweza kukudanganya kwa asilimia 8, na hapo ni afadhali usingepima.

Usichukue wastani ukaridhika. Vinia tisa za asilimia 4 na moja ya asilimia 15 zinakupa wastani mzuri sana na ubao mbovu, maana mvuke unatoka kwenye ile moja. Zenye madoa ya maji ziweke kando zikaushwe tena. Ukija kutumia msindano, tenga mapema vinia za karibu na gome na za kiini, kwa sababu zikiwa mbichi za karibu na gome zinaweza kubeba maji mazito kuliko mti wenyewe. Ukizikausha pamoja, za kiini zitaungua wakati nyingine bado zina maji.

Kutoka 13 hadi 5 unahitaji joto. Chumba chenye feni na nyuzijoto 90 hadi 100 kinatosha kwa kazi ndogo, mradi hewa yenye maji ipate pa kutokea. Presi yako pia inaweza kukausha: ingiza vinia bila gundi, zibane kidogo tu, na ifungue kila baada ya sekunde chache ipumue. Usiende upande wa pili ukachoma. Joto kali kwa muda mrefu huleta mafuta na utomvu juu ya vinia na kuufunga uso. Jaribu kwa tone la maji: likienea na kunywewa, uko salama. Likikaa duara kama shanga kwa dakika nzima, gundi nayo itakataa, na itabidi upige msasa mwepesi. Baada ya kukausha, acha vinia zipoe zikiwa zimerundikwa na kufunikwa kwa plastiki, kisha ubandike siku hiyohiyo. Ukizipaka zikiwa moto, gundi hukauka kabla presi haijafungwa. Ukiziacha wazi usiku kucha kwenye hewa yenye unyevunyevu, umerudi ulikotoka.

Muda wa presi: kwa fenoli kwenye nyuzijoto 140, anzia dakika moja kwa kila milimita ya unene wa ubao, halafu ufuate maelekezo ya gundi yako. Unapofungua, shusha kanieneo taratibu, hasa kuanzia megapaskali 0.3 kwenda chini. Tumia nusu dakika au zaidi hapo. Gundi ya yurea, ambayo ni aina nyingine, inakomaa kwenye nyuzijoto 105 hadi 120 na inavumilia vinia yenye unyevu hadi asilimia 10 hivi kwa sababu mvuke wake ni mpole, ila usiitumie kwa ubao utakaonyeshewa.

Ubao ukivimba, upasue usome ndani. Gundi inayonata ina maana haikukomaa. Gundi ngumu inayong'aa upande mmoja, na upande wa pili haina alama, ilikauka kabla ya kukutana na vinia ya pili, au uso wa vinia ulikuwa umefungika. Mti ukiwa umechanika wenyewe na nyuzi zimebaki kwenye gundi, gundi ilishika na mvuke ndio uliopasua.

Upande usio na nyufa za kisu, yaani zile zinazoachwa na kisu cha kumenya, ndio ukae nje. Ikunje vinia kukatisha nyuzi zake: upande unaofunguka kwa urahisi ndio wenye nyufa, uuelekeze ndani. Madaraja tutayazungumza ukiwa na ubao wa kupanga. Ule wa kwanza kata vipande, chemsha saa 4, kausha kwenye nyuzijoto 60 saa 16 hadi 20, chemsha tena saa 4, poza kwenye maji baridi, kisha bandua kwa patasi uone kama nyuzi za mti zimebaki juu ya gundi. Vipande hivyo vikate katikati ya ubao. Vya pembeni vitafaulu hata kama katikati kumeoza, maana pembeni mvuke ulipata njia.